Sabuni Chini ya Kifuniko

Ninyi vijana mkija kwangu na simu zenu, mkaninyooshea picha ya pikipiki na kuniuliza kama itafika Kalemie, mimi siangalii picha. Naangalia miguu yenu. Halafu naangalia mikono. Mwenye miguu mifupi anayetamani pikipiki ndefu kama twiga, nampa kiti na maji ya kunywa, kisha namwambia arudi na ngazi. Mwenye kucha safi kama za bibi harusi namwuliza fundi wake atakaa wapi, mbele au nyuma. Wengi hununa. Wanaocheka ndio ninaowasaidia, kwa sababu barabara ya kaskazini haina huruma na mtu wa kununa.

Nilifungua na kufunga pikipiki hapa Naviundu, Lubumbashi, mpaka vidole vikakataa kukunja. Sasa nimestaafu, maana yake nafanya kazi ileile nikiwa nimekaa. Kwa hiyo nina haki ya kuwatania.

Swali lenu ni moja kila Jumamosi. Mnataka pikipiki ya njia mbili, ile inayotoka mjini kwenye lami kwa heshima, na lami ikiisha haishangai. Mnataka kujua ni ipi ambayo haitawaangusha. Zote zitawaangusha, watoto wangu. La kuuliza ni kama ikilala mtaweza kuisimamisha, na ikizima mtaweza kuiamsha, mko peke yenu, na vifaa vinavyoenea katika mfuko mmoja.

Hayo nilifundishwa na Papa Kabange, aliyenipokea kazini nikiwa na miaka ishirini na majigambo mengi. Alikuwa pacha wa pili. Alisema kaka yake Kyungu, aliyetangulia kutoka, alibeba uvumilivu wote na kumwachia yeye ujeuri. Mteja akija kuchagua pikipiki, Papa Kabange aliilaza chini uani kama mbuzi wa sikukuu, akawasha sigara, akasema neno moja tu: “Simamisha.”

Wanaume wenye mashati meupe walicheka kwanza, halafu wakatoka jasho, halafu wakakumbuka miadi mjini. Aliyekubali kushindwa ndiye aliyefundishwa: geuza mgongo, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine ushike chuma cha nyuma, kunja magoti, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua ndogo, mapaja yafanye kazi na si kiuno. Siku moja mwalimu mmoja alishindwa mara tatu mbele ya mke wake. Mke, mwembamba kama mshale, akavua viatu, akageuza mgongo, akaisimamisha. Tangu siku ile pikipiki ilikuwa ya mama na mwalimu alipanda nyuma.

Hiyo ilikuwa kanuni yake ya kwanza. Ya pili hakuisema, aliitenda tu.

Alinituma kupeleka pikipiki Kasenga, safari yangu ya kwanza ya mbali. Nilitoka mjini nikiimba. Lami iliisha, vumbi jekundu likaanza, na kabla ya Kasomeno injini ikakohoa na kufa. Nikangoja. Ikawaka, ikaenda kidogo, ikafa tena. Nikaanza kazi kama fundi aliyesoma: nikatoa buji, ile plagi ya kuwashia, nikaisugua, nikafungua kabureta, nikapanga vipande vyake kwenye shati langu kando ya njia, kimoja kimoja, kama mchuuzi wa vitunguu. Wanawake waliotoka shambani na mihogo kichwani walisimama kunitazama. Mmoja akasema, “Fundi, labda iko na njala.” Wakacheka mpaka mihogo ikatikisika.

Jua lilipogeuka nikafungua kifuniko cha tanki, si kwa akili bali kwa hasira, nione kama kweli ina njaa. Tanki likavuta pumzi. Fyuuu, kama mtoto aliyemaliza kulia. Nikarudisha vipande vyote, nikapiga pedali, ikawaka.

Sikilizeni hapa, kwa sababu hili litawafaa. Tanki linapumua. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake, na inaingilia katika kitundu kidogo kwenye kifuniko. Kitundu kikiziba, petroli inagoma kushuka hata tanki likiwa limejaa. Nilipogeuza kifuniko nikakuta kitundu kimezibwa kwa sabuni ya kufulia, imesawazishwa vizuri kwa kidole. Nilikijua kidole hicho.

Niliporudi, Papa Kabange hakuinua hata macho. “Ulianza na bintu ya nguvu,” akasema, maana yake vitu vigumu. “Anza na kifuniko. Kisha robine. Kisha buji. Kabureta, ni siku Mungu mwenyewe anakuambia.” Robine ni ile koki ya petroli chini ya tanki.

Hadithi hiyo nimeisimulia kila Noeli kwa miaka mingi. Nawaambia mapema ili mjue nilivyojichimbia shimo mwenyewe.

Sasa niwaambie habari ya Félicité, binti wa marehemu mdogo wangu. Sisi tunamwita Féli. Alisoma chuo kikuu, kule Kasapa, sasa anafundisha, na kwa muda mrefu alijinyima ili anunue pikipiki. Alitaka kwenda Moba, kule kaskazini walikotoka babu zake, apitie Kilwa na Pweto, apande milima ya Marungu, aone ziwa kwa macho yake. Hakuna mtu aliyemwita na hakuwa na kazi huko. Alitaka tu kufika.

Baba yetu aliletwa Lubumbashi na kazi ya reli. Mama yetu alikuja nyuma yake na kifurushi cha sabuni nyeusi ya mawese, ile ya kwao Moba. Alitukatia vipande vidogo kama ukucha ili isiishe. Ilipoisha tukaanza kuoga na sabuni ya dukani, yenye harufu ya maua ambayo hatukuyajua, na mama akasema basi, sasa tumekuwa watu wa hapa. Féli aliyasikia hayo kutoka kwa baba yake. Nadhani ndiyo yaliyompa kiu.

Shemeji yangu, mama yake, hakutaka. Ni mama wa misa ya kila siku, na akisema neno halirudi. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, akalitamka mbele yangu: “Siku nitasikia pikipiki yako imepanda mu lori, tunauzisha. Na safari zako, kwisha.” Féli akakubali. Kisha wote wawili wakanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye wa kuchagua.

Basi tukaenda kutafuta. Kwa pikipiki iliyotumika nina adabu yangu: nafika nusu saa kabla ya miadi, najifanya nimepotea, na kabla ya kusalimia vizuri naweka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema ili nisione inavyoteseka ikiwa baridi. Wa kwanza alikuwa na injini ya moto na maneno matamu. Nikamwambia pikipiki yake ina homa, tutarudi ikipona.

Wa pili alituonyesha pikipiki ya kisasa, ina kioo kinachowaka rangi kama arusi, na petroli yake inapulizwa na kompyuta. Féli aliipenda sana. Nikamwuliza muuzaji: kompyuta ikilala njiani kabla ya Pweto, nani ataiamsha? Akajibu kuna mtaalamu mjini, katikati, karibu na mabenki. Nikamwambia Féli huyo mtaalamu ni mtu mzuri, lakini hakai kwenye matope.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, haina haraka. Injini yake inapozwa na upepo, kwa hiyo haina maji ya kuvuja. Ina pedali ya kuwashia kwa mguu, kwa sababu betri nayo huwa na siku zake. Magurudumu ni ya njiti, si ya chuma kizima. Njiti ikipinda unainyoosha, chuma kizima kikipasuka unakaa chini na kulia. La mbele ni kubwa, linapanda juu ya shimo badala ya kuingia. Mnyororo wake unauzwa katika kila soko lenye chumvi na betri za tochi. Meno ya gia ya nyuma hayakuwa yamechongoka kama ya mbwa. Na petroli yake inashuka yenyewe mpaka kwenye kabureta, kupitia robine yenye sehemu tatu: wazi, funga na akiba.

Robine hiyo niliisifu sana, kumbukeni. Ikiwa wazi, petroli inachukuliwa juu kidogo ya sakafu ya tanki, na petroli ya kina cha vidole viwili inabaki chini. Injini ikianza kukohoa unageuza kwenye akiba, na kile cha chini kinakufikisha kijiji kinachofuata. Nilimwambia Féli kwamba robine ile ina huruma kuliko watu wengi.

Tuliilaza uani. Akaisimamisha mara ya kwanza, akapangusa mikono, akanitazama kama mtu anayesubiri swali gumu zaidi. Alijifunza kutoa gurudumu na kuziba mpira, kubadilisha waya wa klachi, kumwaga bakuli la kabureta. Alijifunza kununua petroli ya chupa kando ya njia: kuiacha itulie, kuiinua juani, kuangalia chini kwanza.

Usiku na mchana alikuwa akiniuliza habari za barabara, nami nikajibu. Vumbi la Kasomeno ni jekundu na linaingia hata kwenye mkate. Karibu na Kilwa udongo ni wa kijivu, unashika kama ugali. Aliniuliza habari ya kijito kilicho kabla ya kupanda Marungu, daraja lake nilipita upande gani. Nikamjibu upande wa kushoto, bila kupepesa macho.

Naomba mnisamehe, hili sijawahi kulisema kwa sauti. Sikupita upande wowote. Safari yangu ya mbali kuliko zote ni ile ya Kasenga, ya sabuni. Barabara zote za kaskazini nilizijua kwa matope yaliyorudi chini ya pikipiki za wengine. Niliyakwangua kwa bisibisi, nikauliza huku ni wapi, na kile walichoniambia nikakiweka kichwani kama changu. Kila mwaka nilisema nitakwenda baada ya mvua. Mvua iliisha kila mwaka.

Asubuhi ya kuondoka, Féli na mama yake walikwenda misa. Mimi nilibaki na pikipiki. Mkono wa Papa Kabange ukaingia ndani ya mkono wangu. Nikakata kipande cha sabuni, nikakipaka chini ya kifuniko, nikasawazisha kwa kidole. Nilitaka azime karibu, bado mjini, nione kama ataanza na kifuniko au na kabureta. Akishindwa atarudi kwa miguu na aibu kidogo, na mimi nitalala vizuri.

Walirudi. Majirani wakaja, tukasali. Nikatoa hotuba ndefu, naambiwa ilikuwa ndefu sana, mpaka watu wakaanza kuangalia sufuria zao. Wakati nahutubia, shemeji alizunguka pikipiki na chupa ya maji ya baraka mkononi. Nilidhani ananyunyiza. Féli akapiga pedali, akatupungia mkono, akaenda kujaza tanki kwenye kituo cha mwisho cha mjini. Nikakaa mlangoni kumngoja arudi akiisukuma.

Hakurudi.

Kesho yake asubuhi shemeji alikuja kwangu na fungu la sombe, majani ya muhogo, akakaa kuyachambua ili nisiwe peke yangu na wasiwasi wangu. Simu yake ikalia. Alikuwa Féli, amepita Kasomeno, amepanda juu ya kichuguu. Mnajua vichuguu vyetu, virefu kuliko nyumba. Huko ndiko mtandao unakopatikana. Shemeji akaweka simu katikati yetu ili sote tusikie.

“Baba mukubwa, imekufa,” akasema.

Lori la samaki wakavu lililokuwa linakuja Lubumbashi lilikuwa limesimama. Tulimsikia dereva chini ya kichuguu, mtu mwema kabisa, akisema nafasi ipo, wapandishe pikipiki juu ya samaki, jioni watakuwa mjini. Shemeji aliinua kidevu kidogo tu, kama mtu aliyeona mvua aliyoitabiri. Pale mbele yetu, kwenye meza yangu, pikipiki ilikuwa tayari inauzwa na safari za mtoto zinakwisha, na ni mimi niliyepaka sabuni.

Nikamwambia Féli afungue kifuniko cha tanki, chini yake atakuta kitu.

“Sabuni,” akasema. “Niliitosha jana ku station. Ile histoire ya Papa Kabange unatuelezaka kila Noël, baba mukubwa. Miye niliangalia kifuniko mbele ya kuangalia esanse.” Yaani aliitoa kituoni kabla hata ya kutia petroli.

“Sabuni gani?” akauliza shemeji, na jani la sombe likasimama mkononi.

Nilijifanya sijasikia, jambo ambalo ni gumu ukiwa umekaa uso kwa uso na mtu. Nikamwuliza Féli ilikufa lini hasa. Akasema ilikwenda vizuri jana nzima na leo asubuhi, ikaanza kukohoa kwa sababu petroli imepungua, akageuza robine kwenye akiba, na kabla ya kuhesabu kumi ikanyamaza. Nikamwambia afunge robine, aweke chupa safi chini ya kabureta, alegeze skrubu ya bakuli, aangalie kinachotoka. Tukamsikia akishuka kichuguu. Tukasikia upepo. Dereva akapiga honi mara moja, kwa adabu.

Akapanda tena. “Baba mukubwa, ni mayi. Mayi inaketi chini, esanse iko juu.”

Hapo nilipata nguvu. Nilimtukana mwenye kituo cha petroli, nikamtukana na mama mkwe wake. Nilisema wezi wa siku hizi wanatuuzia mto. Nilikuwa nimefika kwa wajukuu wake wakati shemeji aliponigusa goti.

“Uache,” akasema. “Haikutoka ku station. Njo miye. Ni mayi ya baraka. Nilitiya mu tanki.”

Nikamwangalia. Akaendelea polepole, macho kwenye sombe: “Ukinyunyiza inje, vumbi inakula. Nilisema ndani itaenda naye mupaka Moba.”

Na ilikuwa imekwenda, kweli. Maji ni mazito kuliko petroli. Yalishuka kimya mpaka kwenye sakafu ya tanki, chini ya petroli yote, yakakaa pale ndani ya akiba, katika ile robine yenye huruma niliyoisifu, yakingoja zamu yao. Hata fundi wa miaka mingi hafikirii kwamba tanki limebatizwa.

Dereva akauliza tena kama wanapandisha. Féli akasema tu, “Mama?”

Shemeji alichukua simu, akaileta karibu na mdomo kama watu wanaoamini kwamba umbali ni uziwi. “Muambie uyo chofere aendeshe lori yake na samaki yake,” akasema. “Pikipiki haina kosa. Weye pia hauna. Kosa iko yangu.”

Lori likaondoka, tulilisikia. Nikamwelekeza mtoto kumwaga yote ya chini kupitia robine, mpaka tanki libaki kavu, kisha atie petroli ya bidoni, dumu alilobeba nyuma. Pigo la kwanza la pedali, kimya. La pili, kimya. La tatu, kikohozi kikaja kupitia simu, kisha mlio ule mdogo, wa kukaza, kama cherehani ya fundi nguo. Shemeji akaniuliza hiyo ni nini. Nikamwambia hiyo ndiyo yenyewe. Akafanya ishara ya msalaba, halafu akanirudia: “Sasa uniambie ya sabuni.”

Féli alifika Moba. Alirudi kabla ya mwezi kuisha, mweusi wa jua, mwembamba, pikipiki imevaa matope ya rangi nne. Mimi nilichukua bisibisi nikaanza kuyakwangua, kama kawaida yangu, na rangi ya nne sikuijua. Féli akampa mama yake chupa. Ilikuwa ile aliyoiweka chini ya kabureta, na maji yale ndani yake, petroli imetolewa juu. Alisema hakuweza kuyamwaga chini, ni ya baraka. Ilikwenda naye mpaka ziwani ndani ya begi. Sasa iko kwa shemeji, juu ya kijimeza cha Bikira Maria, inanuka kama gereji, na mishumaa imehamishiwa chumba kingine.

Mimi hakuniletea kitu. Alinisalimia vizuri, akaniangalia, akasema, “Baba mukubwa, pale mbele ya kupanda Marungu, hakuna daraja. Banasema haikukuwa hata siku moya.” Kisha akaenda kuoga.

Jumatatu iliyofuata nikachukua pikipiki yangu ya zamani kwenda kununua mkaa. Darajani, juu ya mto Naviundu, ikakohoa na kufa. Nikangoja, ikawaka, ikafa tena. Nikatoa buji. Nikafungua kabureta. Ndiyo, mimi. Nilipanga vipande kwenye shati langu mbele ya wauza nyanya wote, na mmoja, ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule, akasema labda imechoka kama mwenyewe. Ndipo mkono wangu ukasimama.

Nikafungua kifuniko. Fyuuu.

Sabuni ilikuwa imesawazishwa vizuri kwa kidole kidogo kuliko changu. Nikaikwangua kwa ukucha. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa nyeusi, laini, na nilipoisogeza puani nilikuwa na miaka sita, nimesimama ndani ya karai, mama ananisugua masikio na kuniambia nisimwage maji.

Nilikaa kwenye ukingo wa daraja muda mrefu. Wauza nyanya walidhani ni joto, wakaniletea maji. Kisha nikafunga kila kitu, na ikawaka kwa pigo la kwanza.

Jana niliilaza uani. Nikageuza mgongo, nikakunja magoti. Ilisimama mara ya tatu, na hakuna aliyeona zile mbili. Mvua inaisha. Kwa hiyo Jumamosi mkija msiponikuta, ingieni tu, viti vipo, chagueni wenyewe, mmeshasikia yote ninayoyajua. Mimi nitakuwa nimeanza na kifuniko. Na shemeji nimemwambia anaweza kuja kuniombea, lakini chupa aiache nyumbani.